Mwanachama na Kiongozi Wake



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema nanyi kabla hesabu za mwaka hazijasomwa. Nimechagua habari ya wafanyakazi wa posta wa New York, katika Marekani. Sikuileta ili tujifunze kugoma, bali kwa kuwa yahusu kila chama chenye wanachama na viongozi, nacho chetu kimo.

Mwaka wa 1970 mpeleka barua wa Marekani alianza kazi kwa dola 6,176 kwa mwaka, akafikia kima cha juu, dola 8,442, baada ya miaka 21. Katika mji wa gharama kama New York, wengine iliwabidi kuomba msaada wa serikali ili kulisha watoto wao. Sheria iliwakataza kugoma, wala chama chao hakikuruhusiwa kujadiliana juu ya mshahara. Bunge ndilo lililoamua. Kazi ya viongozi ilikuwa kuwasihi wabunge, na kuwaambia wanachama wangoje.

Wanachama wa tawi la New York walichoka kungoja. Walijaa mikutanoni, wakauliza, wakadai kura. Tarehe 17 Machi 1970 kura ilipigwa: 1,555 walitaka mgomo, 1,055 walikataa. Kesho yake kazi ilisimama, na baada ya siku chache zaidi ya watu 200,000 katika miji mingi walikuwa wameacha kazi, ijapokuwa viongozi wao wa taifa waliwaagiza warudi. Rais Nixon alipeleka askari New York wakachambue barua. Mgomo ulidumu siku nane. Mwezi wa Agosti sheria mpya ilitiwa sahihi: mshahara uliongezwa, miaka 21 ikapunguzwa kuwa 8, na chama kikapata haki ya kujadiliana juu ya mshahara. Haki ya kugoma hawakuipata.

Lakini ninalotaka mlishike ni lililofuata. Wanachama wale hawakurudi nyumbani kulala. Desemba ya mwaka ule ule walimchagua Vincent Sombrotto, mpeleka barua asiye na cheo, awe mkuu wa tawi. Baadaye walipata haki ya kuwachagua viongozi wa taifa kwa kura ya kila mwanachama, wala si ya wajumbe peke yao. Na mwaka wa 1978 Sombrotto akachaguliwa kuwa rais wa chama kizima.

Sasa turudi kwetu. Zamani kidogo nilikuwa karani wa chama kimoja cha wafanyakazi. Siku ya mkutano mweka hazina alisoma hesabu upesi upesi, akaruka ukurasa mmoja. Ukurasa ule niliuandika kwa mkono wangu, nami niliona ulivyorukwa. Nikanyamaza, kwa maana alikuwa mzee kwangu, na watu walikuwa wakitazama saa. Mwaka uliofuata mwanachama mmoja alifiwa na mkewe, akaja kuomba msaada wa mazishi. Tulipofungua sanduku, hamkuwa na kitu. Mpaka leo nikikutana na bwana yule njiani, naona haya.

Twasema mweka hazina alikula fedha. Ni kweli, lakini sisi tulimtandikia mkeka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa halilindi kitu. Kumwuliza kiongozi si kumvunjia heshima. Kiongozi mwaminifu hupenda kuulizwa, maana jibu lake ndilo linalomtakasa mbele ya watu. Na mwanachama ye yote alipaye ada yake amekwisha kununua haki ya kuuliza.

Basi, Bwana Mweka Hazina atakapomaliza kusoma, namwomba mmoja wenu asimame aulize swali. Ikiwa hapana atakayesimama, nitasimama mimi.