Nani Abebe Mzigo wa Kutojua? Sheria ya Kimataifa na Uvuvi Mpya wa Bahari Kuu



Katikati ya Bahari ya Bering, baina ya Urusi na Alaska, pana eneo ambalo maili 200 za mamlaka ya Marekani baharini hazilifikii, wala zile za Urusi. Miaka ya 1980, meli za Japani, Korea Kusini, Poland na China zilijazana humo kumfuata polaki, samaki mwenye nyama nyeupe ambaye wengi wamemla kwenye vipande vya kukaanga bila kumjua jina. Mwaka 1989 zilivuliwa zaidi ya tani milioni 1.4. Mwaka 1992 hazikufika hata tani 20,000. Mkataba wa kumhifadhi polaki huyo ulitiwa saini mwaka 1994, samaki wenyewe wameshakwisha. Unaagiza kwamba uvuvi usifunguliwe mpaka akiba ya polaki wa Bonde la Aleutian, lililomo katika bahari hiyo, ifike tani milioni 1.67. Haijafika, na eneo limefungwa hadi leo.

Kuvua mle ndani hakukuwa kosa, na hilo ndilo linalopaswa kutukera sisi wanasheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi zote haki ya raia wao kuvua bahari kuu, yaani maji yaliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Ibara ya 119 inazitaka nchi hizo ziweke viwango vya uvuvi kwa kufuata ushahidi bora wa kisayansi uliopo. Sasa, uvuvi unapoanza mahali ambapo hakuna aliyewahi kutupa wavu, ushahidi uko wapi? Haupo. Na usipokuwapo, anayenufaika ni mwenye meli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila hapa aliyepaswa kufungua daftari ndiye aliyekuwa akiichota mali.

Mkataba wa mwaka 1995 kuhusu samaki wanaovuka mipaka ya maji ya nchi na wale wanaohama mbali uligeuza mzigo huo wa kutojua. Ibara ya 6, aya ya 6, inasema kwamba uvuvi ulio mpya au wa majaribio uwekewe mapema hatua za tahadhari, zikiwemo kikomo cha samaki watakaovuliwa na kikomo cha nguvu ya uvuvi, na hatua hizo zidumu mpaka takwimu zitoshe kupima athari. Kwa maneno mengine, kutojua kumekuwa sababu ya kuzuia. Kwa maoni yangu hii ndiyo aya yenye thamani kuliko zote katika mkataba ule, ingawa wanafunzi wengi huiruka wakikimbilia masuala ya kukagua meli.

Lakini aya haiendi baharini. Inahitaji chombo cha kuitekeleza, na kwa hilo tutazame Hobart, Australia, yaliko makao ya tume inayosimamia viumbe hai wa bahari ya Antaktika. Tume hii ilikuwa na kanuni za uvuvi mpya tangu 1991, kabla ya mkataba niliouzungumzia. Meli inayotaka kumvua tuthifishi katika Bahari ya Ross, samaki wa kina kirefu anayeweza kuishi miongo kadhaa, hutoa taarifa kabla ya msimu na kupakia waangalizi wawili wa kisayansi. Kwa kila tani inayovua, samaki mmoja huwekwa alama na kurudishwa majini akiwa hai, ili akija kuvuliwa tena watafiti wakadirie wamebaki wangapi. Mshipi ukipandisha matumbawe au sifongo kupita kiwango, nahodha huondoka pale na kutoa taarifa. Mvuvi hapa analipia kibali chake kwa maarifa. Mpango huu una kasoro moja ambayo siwezi kuinyamazia: sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu samaki yule hutoka kwa wale wale wanaomuuza.

Mahali pasipo na chombo kama hicho, mambo huenda mbio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 meli zilivamia milima ya chini ya bahari kusini mwa Bahari ya Hindi, zikitafuta samaki wa rangi ya chungwa anayeweza kuishi zaidi ya miaka 100 na kuchelewa mno kuzaa. Kwa vile samaki wa milima hiyo hawahami mbali wala hawavuki mipaka, ile aya nzuri ya mwaka 1995 haikuwagusa kwa maneno yake. Makubaliano ya uvuvi ya eneo hilo yalitiwa saini mwaka 2006, Kenya, Komoro na Msumbiji zikiwa miongoni mwa waliosaini, na yakaanza kutumika mwaka 2012. Mbio zenyewe zilikuwa zimeshapoa kitambo.

Mara moja tu, kwa kiwango kikubwa, sheria imewahi kutangulia meli. Barafu ya Aktiki ilipoanza kuyeyuka na kuacha wazi maji ya katikati, nchi tisa pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutovua kibiashara katika kilomita za mraba takriban milioni 2.8 hadi utafiti wa pamoja ufanyike. Zilisaini Ilulissat, Greenland, Oktoba 2018, na mkataba ukaanza kazi Juni 2021. China, Japani na Korea Kusini, zilizokuwa zikigombea polaki wa Bering, zimo. Marekani na Urusi zimo. Muda wa awali ni miaka 16, nao utaongezeka mitano mitano, isipokuwa mwanachama mmoja, yeyote yule, apinge rasmi. Fursa ya kwanza ya kufanya hivyo itafika kabla ya Juni 2037, na hakuna kipengele kinachomlazimisha mpingaji atoe ushahidi wowote kuhusu samaki.