KUHIFADHI MAANDISHI KABLA YA KUYATUMA KWA INTANETI

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali wanaokwenda Arusha kikazi, na kwa wananchi wote



Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru, ni mahali pa mikutano na maandishi mengi. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mtumishi kutoka Unguja au Pemba anayepelekwa huko hutakiwa mara nyingi aandike ripoti yake usiku na kuituma kabla ya asubuhi. Wengi huiandika moja kwa moja ndani ya fomu iliyomo mtandaoni. Baada ya saa mbili za kazi hubonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ukarudi mtupu.

Inafaa ieleweke kwamba maneno yanayochapwa ndani ya fomu ya namna hiyo kwa kawaida huwa hayajawekwa popote. Yamo katika kumbukumbu ya muda tu ya mashine iliyo mbele ya mwandishi. Aidha, mifumo mingi ya ofisi na ya benki humtoa, kwa sababu za usalama, mtumiaji aliyekaa kimya kwa muda uliowekwa, na mara nyingi kuchapa maneno hakuhesabiwi kuwa ni kushughulika, kwani mtambo ulio mbali hauoni kitu mpaka kitufe kibonyezwe. Hivyo mwenye kuandika polepole na kwa makini ndiye anayeadhibiwa zaidi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Umeme nao una habari yake, na wakaazi wa Unguja hawahitaji kuhadithiwa. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila ya umeme wa gridi kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa muda wa miezi mitatu hivi. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima, Bara na Visiwani, kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na ripoti yake ndani ya kompyuta aliweza kungoja. Aliyekuwa akiandika mtandaoni alianza upya.

Hapo hapo Arusha upo mfano wa kuzingatiwa. Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi wa Novemba 1994, ilifungwa tarehe 31 Disemba, 2015, lakini kumbukumbu zake hazikufungwa pamoja nayo. Zimekabidhiwa taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zake, ambayo majengo yake ya Lakilaki, nje ya jiji, yalifunguliwa Novemba 2016 yakiwa na nyumba makhsusi ya nyaraka. Ushahidi wa watu walionusurika, uliorekodiwa katika kanda, umekuwa ukihamishiwa katika mfumo wa dijitali kwa kuwa kanda huchakaa. Hakuna atakayeweza kuwataka mashahidi wale waseme tena yote waliyoyasema.

Kwa hiyo mtumishi anashauriwa aandike kwanza katika faili la kompyuta au simu yake, alihifadhi kila baada ya dakika chache, kisha ayanakili maneno na kuyabandika katika fomu. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine, katika kifaa kisichobebwa ndani ya mkoba ule ule wa kompyuta. Baada ya kutuma, nambari ya kupokelewa iandikwe.

Ukurasa ukikataa, usifungwe wala usipakiwe upya. Ikiwa maneno bado yanaonekana, yanakiliwe mara moja, au yapigwe picha kwa simu. Ikiwa yametoweka, ujaribiwe mshale wa kurudi nyuma. Wakati mwengine fomu hurudi na maneno yake.