Kabla Hujashusha Injini

Haya ni mazungumzo yaliyofanyika na familia zetu hapa Roseville. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Siku hizi nikibisha hodi nyumbani kwenu, swali la kwanza si la shule wala la hospitali. Ni la gari. "Kaka, gari limezima. Fundi anasema injini imekufa. Tufanyeje?" Najua kwa nini swali hili linawanyima usingizi. Basi la A Line linatoka Rosedale, linashuka Snelling mpaka Minneapolis, na linamfaa sana mtu anayefanya kazi mchana karibu na njia hiyo. Lakini wengi wenu mna zamu ya usiku, kwenye maghala na viwanda ambako basi halifiki. Gari likilala, kazi inalala. Na kodi ya nyumba haingoji, wala mkopo wa tiketi ya ndege haungoji.

Kwa hiyo leo nina neno moja tu. Usikubali kubadilisha injini mpaka ujue mambo mawili: gari linaumwa nini hasa, na kama mwili wa gari bado una nguvu ya kubeba injini nyingine.

Mimi nilijifunza haya kwa fedha zangu. Mnajua nimetoka Kivu Kusini, nikakulia Nyarugusu kule Kigoma. Pale kila dereva alikuwa na dumu la maji nyuma ya kiti. Rejeta ikipungua, unajaza maji, safari inaendelea. Mwaka 2012, mwaka mmoja tangu nifike hapa, nilinunua Toyota Corolla ya mwaka 1998. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo. Nikafanya kama nilivyoona nyumbani: nikajaza maji ya bomba, kiangazi chote.

Ikaja Januari. Usiku mmoja baridi ilishuka chini ya sifuri ya Farenhaiti. Asubuhi gari liliwaka, nikafurahi. Dakika kumi baadaye, nikiwa Snelling, hita ilikuwa inapuliza hewa baridi na mshale wa joto umefika kwenye nyekundu. Nilikuwa nimechelewa kazini, sikusimama. Maji yalikuwa yameganda ndani ya injini, na maji yakiganda hupanuka. Chuma kilikuwa kimepasuka.

Nikakopa kwa rafiki watatu. Injini ya mtumba pamoja na ufundi ilinigharimu dola 2,400. Gari likapona, nikashukuru Mungu. Masika yale yale nikaenda kubadilisha tairi. Fundi akalipandisha gari juu, akaniita chini yake, akachukua bisibisi na kuisukuma kwenye chuma kinachobeba injini. Bisibisi ikapenya kama kwenye mkate. Kutu ilikuwa imemaliza kila kitu. Gari lile nililiuza kama chuma chakavu kwa dola 350. Deni la injini niliendelea kulilipa mwaka mzima, huku napanda basi.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalikuwa yangu. Kwanza, maji badala ya kulanti. Hapa rejeta inajazwa mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji, ambao hauganshi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 34 chini ya sifuri. Ukishindwa kupima, nunua ile iliyokwisha kuchanganywa. Ikimwagika, ifute mara moja, kwa sababu ni tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama. Pili, niliweka injini nzima kwenye mwili uliooza bila kuuangalia.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Gari lina dalili zake, na wewe ndiye unayeishi nalo. Fundi atakusikiliza zaidi ukimweleza ulichoona na ulichosikia kuliko ukimwambia tu "limekufa".

Ukiwasha ufunguo na kusikia tik-tik-tik, anza na betri. Baridi ya hapa inaipunguzia betri nguvu karibu nusu, au zaidi. Angalia vichwa vyake kama vina unga mweupe, vikaze, visafishe. Kipimo cha umeme ni bei ndogo: betri nzima gari likiwa limezimwa inasoma karibu volti 12.6, na gari likiwaka isome kati ya 13.5 na 14.7. Isipopanda, tatizo huenda ni altaneta. Ukisikia injini inazunguka vizuri lakini haishiki moto, hapo betri si kosa. Tafuta upande wa petroli au wa plagi.

Taa ya injini ikiwaka, usiogope na usiidharau. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yana soketi ya kupimia chini ya dashibodi. Maduka ya spea kama AutoZone na O'Reilly hukusomea namba ya kosa bure. Lakini sikilizeni hapa: namba inakuonyesha mahali pa kutafuta, haikutajii spea ya kununua. P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta, au kweli injini yenyewe.

Mama mmoja kati yetu aliambiwa abadilishe injini kwa zaidi ya dola 4,000. Gari lake lilikuwa linatetemeka na taa inapepesa. Tulikwenda kwa fundi wa pili. Namba ilisema silinda ya pili. Fundi akachukua koili ya silinda ya pili, akaibadilishana na ya tatu, akawasha tena. Kosa likahamia silinda ya tatu. Basi ugonjwa ulikuwa koili. Alilipa dola 140 na usiku ule akaenda kazini. Taa ikipepesa namna hiyo, usiendelee kuendesha umbali mrefu, maana petroli isiyoungua inaharibu kichujio cha moshi, nacho ni ghali.

Gari likichemka, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta likiwa la moto. Sababu inaweza kuwa ndogo: themostati, feni, paipu iliyopasuka. Inaweza kuwa kubwa: gasketi ya silinda hedi. Kuna vipimo vya kutenganisha. Fundi anaweza kuupima mfumo wa maji kwa presha. Anaweza kupima kwa dawa ya bluu inayogeuka njano kama moshi wa injini unaingia kwenye kulanti. Anaweza kupima kompresheni ya kila silinda. Mwambie: "Kabla ya kusema injini imekufa, naomba unionyeshe vipimo."

Moshi nao unasema. Wa bluu, injini inakula oili. Mweusi, petroli inaingia kupita kiasi. Mweupe mzito wenye harufu tamu, usioisha hata injini ikipata moto, ni kulanti inaungua ndani. Mvuke mweupe wa asubuhi za baridi ni wa kila gari, huo usikutishe. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili mbaya. Na ile taa nyekundu yenye picha kama birika ikiwaka unaendesha, zima injini hapo hapo pembeni ya barabara. Dakika chache bila oili zinatosha kuua injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kuongeza oili ni dola chache, kubadilisha injini ni maelfu.

Haya, tuseme vipimo vimefanyika, na kweli injini imekwisha. Je, tushushe?

Nyumbani kushusha injini ni jambo la kawaida. Unakwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, au Kisekka, Kampala. Unachagua injini iliyotoka Japani, mafundi wanaipandisha kwa bei ya kuelewana. Hapa fundi analipwa kwa saa, na gereji nyingi zinatoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja. Kazi hii huchukua saa nyingi. Ndiyo maana ufundi peke yake unaweza kuzidi bei ya gari.

Kwa hiyo anza chini. Barabara za Minnesota zinamwagiwa chumvi kila baridi, na chumvi inakula chuma. Omba gari lipandishwe juu, nawe uingie chini uone kwa macho yako: chesisi, sehemu zinazobeba injini na magurudumu, paipu za breki. Uliza na hali ya gia boksi. Chuma kikiwa kimeoza, mazungumzo ya injini yameishia hapo.

Mwili ukiwa mzima, fanya hesabu. Tafuta gari kama lako, mwaka ule ule, linalotembea, linauzwa bei gani. Weka pembeni bei ya injini pamoja na ufundi. Ikizidi, jiulize mara mbili. Lakini kama gari ni lako miaka mingi, gia boksi ni nzima na kutu hakuna, injini ya mtumba inaweza kuwa salama kuliko kununua gari la mtu usiyemjua.

Ukiamua, chukua injini ya aina ile ile. Injini tofauti huleta ugomvi wa nyaya na kompyuta, na kila ugomvi ni saa za fundi. Uliza injini imetembea maili ngapi, ina dhamana ya muda gani, na kama dhamana inalipa ufundi pia au injini tu. Hili wengi hulisahau. Na injini ikiwa bado iko chini, badilisha sili za oili, na mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji kama zinahitaji. Baada ya hapo kuzifikia ni kazi upya.

Sheria ya Minnesota inakulinda, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza. Kwa matengenezo ya zaidi ya dola 100 una haki ya kuomba makadirio ya bei kwa maandishi kabla ya kazi. Gereji ikishakupa makadirio hayo, haiwezi kuzidisha zaidi ya asilimia 10 bila ruhusa yako. Unaweza pia kuomba spea zako za zamani, lakini uombe kabla kazi haijaanza. Na ukinunua gari kwa muuzaji, kumbuka kwamba gari lililopita maili 75,000 halina dhamana ya lazima ya magari ya mtumba. Lipeleke kwanza kwa fundi wako.

Kwa wenye kipato kidogo ipo The Lift Garage, Minneapolis, karakana isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 2013. Mwanzilishi wake alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii aliyerudi darasani kujifunza ufundi wa magari, kwa sababu aliona watu wanapoteza kazi kwa gari bovu. Waombaji ni wengi, kwa hiyo jiandikishe mapema, usingoje gari lizime.

Wazazi wangu, ndugu zangu, nusu ya tabu yangu na ile Corolla ilitoka kwenye aibu. Sikutaka kuuliza, nikajifanya najua. Wewe usifanye hivyo. Ukipewa karatasi ya kusaini kwenye gereji, sema, "Ngoja kidogo," kisha ipige picha, unitumie. Tutaisoma pamoja kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla dola yako moja haijatoka.

Sasa leteni maswali, na aliyekuja na gari linalochemka tutoke naye nje tukaliangalie.