Foleni ya Mitungi: Uongozi Tunaojifunza Mtaani

Mada kwa wazee wa mtaa, viongozi wa vikundi vya kina mama na vijana, Likoni



Nimeombwa nizungumzie uongozi unaomjali mtu. Nitaanzia bombani, maana huko ndiko nilikouona mara ya kwanza. Mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe hahitaji kuelezwa foleni ya mitungi. Maji hupotea siku kadha, yakirudi hurudi usiku, na mitungi ya lita ishirini hupangwa tangu alasiri, kila mmoja ukimsimamia mwenyewe. Mtaani kwetu bomba lilishikwa na mama mmoja asiyejua kusoma. Mitungi yote aliijua: huu una kifuniko chekundu, ule umefungwa kitambaa mpinini. Na zaidi ya mitungi, alijua nyumba ipi ina mgonjwa, nani amejifungua juzi, nani hurudi kutoka zamu ya usiku. Akitaka kuusogeza mtungi mbele, husema kwa sauti wote wasikie: "Hawa wana mzazi ndani." Hakuna aliyembishia. Siku moja alisafiri, akamwachia kijana wake ufunguo. Kijana akausogeza mtungi wa rafiki yake kimyakimya, na kabla ya maghribi watu walikuwa wameshikana mashati.

Nimelirudia jambo lile moyoni miaka mingi. Wote wawili waliivunja foleni. Lakini mama aliitaja sababu mbele za watu, na sababu yenyewe aliijua kwa kuwa aliwahi kubisha hodi kwenye nyumba ile. Hapo ndipo ninapoiweka hoja yangu yote: maarifa anayohitaji kiongozi yako tayari kwa wale wanaoubeba mzigo. Kazi yake ni kuyafuata huko yaliko, kisha aamue hadharani.

Tuna ushahidi wake hapa hapa Mombasa. Kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kilijengewa jirani kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Bi Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi mwilini mwake. Angeweza kumtibu mwanawe akanyamaza, na sidhani kuna ambaye angemlaumu. Yeye alikwenda kwa mama wenzake kuuliza: na wako, vipi? Swali hilo ndilo ninalotaka tulishike leo. Wale kina mama walikuwa wanaona homa za watoto wao, mimba zinazoharibika, kuku wanaokufa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari nyumbani kwake, lakini hapakuwa na aliyevikusanya vipande hivyo pamoja.

Alipovikusanya, safari ikawa ndefu. Alikamatwa, akashtakiwa, akatishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka hiyo, na muikumbuke siku mnapowaambia watu wenu wavumilie. Mtoto aliyekuwa mgongoni kesi ilipokuwa haijawazwa, leo ni kijana.

Somo la pili linatoka majini, nami nalitaja kwa heshima ya wafiwa, kwani najua wamo humu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Abiria walikuwa wamezidi. Anayevuka kwa miguu kila asubuhi huijua feri iliyoelemewa kabla haijang'oa nanga. Anaihisi kwenye nyayo. Anayevuka ndani ya gari, vioo vimefungwa, habari hiyo haimfikii. Ndiyo maana nawaomba mliopata cheo msiache kuvuka kwa miguu, angalau mara moja kwa wiki, msimame pale na wenye vikapu na watoto wa shule, bila mtu wa kuwapisha njia.

Sasa tuje kwenye baraza zetu, maana hapa lawama ni yetu sisi wenyewe. Tunaziitisha saa nne asubuhi, siku ya kazi. Saa hiyo mama wa Kisauni anayeuza nyanya yuko sokoni Kongowea tangu alfajiri. Kibarua wa Changamwe yuko langoni mwa godauni akingoja kuitwa, na akikosa siku hiyo, watoto hawali. Kijana wa bodaboda anawatafuta abiria. Anakuja nani basi? Tunakuja sisi sisi, tunaokutana kila mara na kunywa soda zile zile, kisha tunaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Tangazo lenyewe lilikuwa limetolewa gazetini, kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 73, inasema mamlaka ya afisa wa serikali ni amana, na kwamba amepewa jukumu la kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Sisi wa mtaani pengine sheria haituhesabu miongoni mwa maafisa hao, lakini mkaazi anayekuja kutafuta barua ya utambulisho hatofautishi.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo kabla hatujagawanyika kwenye makundi. Kila mmoja aandike kwenye karatasi nyumba tatu za mtaani kwake ambazo hajawahi kuingia, si kwa harusi wala kwa matanga. Zisiwe za wapinzani wake, hao anawafahamu sana. Ziwe za wale ambao hawajasikika wakizungumza barazani hata siku moja. Karatasi hizo tutazikusanya, na kabla ya kikao kijacho kila mtu awe amebisha hodi huko, ameketi, amesikiliza, na amewauliza wenyeji ni saa ngapi ingewafaa baraza iitishwe.