Macho ya Mbwa na Asili ya Wazazi Wake

Mbwa wa ulinzi ni mtumishi wa thamani. Hulinda ghala na duka usiku kucha. Hata katika nyumba ambazo mbwa haruhusiwi kuvuka kizingiti, yuko uani na chakula chake hupelekewa. Basi mwenye mbwa aliyepofuka amepata hasara kubwa, na pengine watoto wa mbwa huyo amekwisha kuwauzia jirani zake.

Upofu una sababu nyingi, na mojawapo ni glakoma, yaani presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji ambayo hutengenezwa daima na kutoka kwa njia nyembamba sana. Njia ikiziba, jicho hukazana kama mpira uliojazwa pumzi kupita kiasi, na mshipa upelekao habari za kuona kwenye ubongo huharibika. Jicho huwa jekundu, huingia ukungu wa samawati, na mnyama husugua uso wake kwa maumivu. Hapo haifai kungoja kesho wala kujaribu dawa ya jirani. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, kwani ugonjwa ukija kwa ghafula kuona kwaweza kupotea katika siku moja au mbili, na kukipotea hakurudi.

Glakoma nyingine hutokana na jeraha, nyingine ni ya kurithi. Katika mbwa wa aina ya Beagle, mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza kosa waliloliona katika jeni iitwayo ADAMTS10. Mbwa aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu haugui, na hapo ndipo mfugaji hudanganyika. Wawili wa namna hiyo wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Tena mgonjwa huzaliwa na macho mazuri, na dalili zikitokea huenda amekwisha kuzaa. Kwa hiyo hupimwa mapema: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu na kupelekwa maabara. Mwenye kulibeba kosa hana haja ya kuuawa. Apandishwe na asiye nalo, na hakuna mtoto atakayeugua kwa kosa hilo.

Mbwa wa Kongo waitwao Basenji wametoa ushahidi mkubwa. Walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, nao walikuwa wachache mno, hata wazao wao wakawa ndugu kwa ndugu. Ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea kati yao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake kuwaandikisha wageni hao. Mbwa wa kijijini, anayedharauliwa na wengi, ndiye aliyetafutwa kwa ndege!

Lakini kipimo cha Beagle hakijibu habari za mbwa wa aina nyingine, wala za mbwa wa mitaani wa Mombasa. Kwa hao, mfugaji aandike katika daftari jina la baba na la mama, na umri ambao jicho lilianza kuugua; na mnunuzi aombe kuonyeshwa daftari hilo kabla ya kutoa fedha zake.