Bomba Moja, Ndoo Nyingi

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.



Sisi tunaoishi Dodoma hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji. Mji wetu umekaa penye ukame, na kwa miaka mingi maji yake yamevutwa kutoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Katika nyumba nyingi za kupanga bomba huwa moja tu, liko uani, na wapangaji hujiwekea utaratibu: nani akinge saa ngapi, nani afunge koki usiku, na bili ikija igawanywe vipi. Pasipo na utaratibu huo, ugomvi hauko mbali. Leo napenda tuzungumze juu ya bomba jingine lililoingia majumbani mwetu, yaani intaneti ya waya, ile ambayo mafundi huiita faiba.

Kwanza tukumbushane ilikotoka. Kabla ya mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea zaidi setilaiti kwa intaneti, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwezi Julai mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, EASSy. Katika kipindi hicho hicho Serikali ilikuwa imeanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zilizoiunganisha mikoa, Dodoma ikiwamo. Kisha mwaka 2016 ule uamuzi wa tangu 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ukaanza kutekelezwa kwa kasi, watu wakaongezeka, na faiba ikaanza kuingia mitaani.

Maana yake ni kwamba kilometa 450 hivi za kutoka pwani hadi hapa zimekwisha kumalizwa na wengine. Zilizobaki ni mita ishirini za ndani ya ua wako, na hizo ndizo zinazotushinda. Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu, nisije nikaonekana nasema watu.

Tunaishi familia tatu katika ua mmoja. Kila mmoja wetu alikuwa akinunua vifurushi vidogo vidogo vya simu, na mwisho wa mwezi, tukijumlisha, fedha ilikuwa nyingi. Tukashauriana tuvute laini moja ya faiba na kuchangia. Tuliuliza kwanza kama mkataba unaruhusu, maana mikataba mingine hairuhusu laini itoke nje ya kaya moja, na kuiuza kwa watu kama biashara kunahitaji leseni ya TCRA. Tukaruhusiwa. Fundi akaja, akafunga kisanduku sebuleni kwangu, akaondoka. Majuma mawili tulifurahi.

Siku moja jioni binti yangu alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Ukurasa ukawa unazunguka tu. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Mtoto analia, mama yake ananiuliza tulilipia nini. Hatimaye alikimbilia kioski kununua kifurushi cha simu, na maombi yakapokelewa zikiwa zimebaki dakika ishirini kufika saa sita ya usiku. Kesho yake nilifungua mipangilio ya kile kisanduku nikakuta vifaa 31 vimeunganishwa. Ua wetu una watu 11, na mmoja wao bado ananyonya.

Neno la siri lilikuwa limetoka kwa mtoto likaenda kwa rafiki, likatoka kwa rafiki likafika kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na kutoka kwa kinyozi likaenda kwa kila aliyekaa benchi kusubiri zamu yake. Sikumlaumu mtoto. Mwenye kosa ni mimi niliyevuta bomba bila kuweka koki.

Tangu hapo nimejifunza mambo machache, nami nayatoa bure.

La kwanza ni jinsi laini moja inavyohudumia kompyuta nyingi. Kile kisanduku kinachogawa, yaani rauta, ni kama karani wa masjala. Nje, nyumba yako hujulikana kwa anuani moja tu. Ndani, karani hukipa kila kifaa namba yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Namba hizo za ndani zilitengwa na wataalamu wa intaneti miaka ya 1990, walipoona kwamba anuani za dunia nzima, zipatazo bilioni 4.3, hazitatosha. Karani huandika nani ameomba nini, na jibu likirudi humpelekea mwenyewe. Kwa hiyo huna haja ya kulipia laini ya pili kwa sababu umenunua kompyuta ya pili.

La pili ni vipimo. Kampuni hukuuzia megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 20 hushusha megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Video moja ya picha safi inaweza kutumia megabiti 5 hivi. Hesabu mwenyewe: watu wanne wakitazama kwa pamoja, laini imejaa.

La tatu ni njia ya kugawa. Kompyuta isiyohama iunganishe kwa waya, kwani haiyumbi, mradi waya usizidi mita 100. Zinazohama zitumie waifai. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole. Yale ya 5 ni ya kasi, ila ukuta huyadhoofisha upesi. Iweke rauta katikati ya nyumba, mahali pa juu, wala usiifiche nyuma ya kabati la chuma. Intaneti ikikwama, chomeka kompyuta moja kwa waya kwenye rauta, zima vingine vyote, kisha upime. Hapo ikienda vizuri, tatizo ni lako la nyumbani. Isipokwenda, waulize wenye laini, kwani pengine tatizo ni kubwa kuliko wao. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu baharini, nchi nzima iliathirika.

Tena, tusisahau radi. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, lakini waya wa shaba uliotandazwa juu kutoka nyumba hadi nyumba huupitisha, na waya wa TANESCO pia. Wingu likifunga wakati wa masika yetu haya ya Desemba hadi Aprili, chomoa.

La mwisho, na ndilo kubwa, ni funguo. Rauta ina maneno ya siri mawili: moja la kujiunga na jingine la kuingia kwenye mipangilio. Yote mawili yabadilishe siku ile ile fundi anapoondoka, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Wageni wafungulie mlango wao wa pembeni, kwani rauta nyingi zinao. Kumbuka pia kwamba laini imeandikishwa kwa jina lako. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mtu asiyejulikana akifanya uhalifu kupitia kwako, wa kwanza kugongewa hodi ni wewe.

Kwetu tuliketi mkekani familia tatu, tukabadilisha maneno ya siri, tukaandika kila kifaa katika daftari, na tukakubaliana kwamba saa moja hadi saa nne za usiku ni za masomo, sinema zisubiri. Kinyozi nilimwendea mwenyewe nikamweleza. Hakukasirika. Alikuwa hajui hata nyumba iliyomnywesha ni ya nani, na sasa amevuta laini yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kugawana ni jambo jema, na uwezo wetu mdogo unatulazimisha kugawana. Lakini anayegawa sharti ajue anamgawia nani na kiasi gani, la sivyo atakayekosa ni mtoto wake mwenyewe, tena usiku ule anapohitaji zaidi.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini.