Matabaka Manne ya Ukuta wa Utumbo



Nimepewa heshima ya kusema juu ya maumbile ya tishu za njia ya chakula, nami sikusudii kuwatajia seli zote moja baada ya moja, bali nataka kubainisha jambo ambalo aghalabu husahauliwa tutokapo madarasani, nalo ni kwamba maradhi ya utumbo hayafahamiki barabara mpaka ijulikane yamefika tabaka gani la ukuta wake.

Ukuta huo, tangu umio hadi utumbo mpana, una matabaka manne: utando wa ndani wenye ute, tishu laini iliyobeba mishipa ya damu, misuli, na ngozi nyembamba ya nje. Misuli aghalabu ni safu mbili, ya ndani ikizunguka na ya nje ikifuata urefu, na baina yao umelala mtandao wa neva alioueleza Mjerumani Leopold Auerbach katika karne ya 19, ambao huiamrisha misuli isukume chakula pasipo kungoja ubongo.

Utando wa ndani ndio ubadilikao zaidi kwa kadiri ya kazi. Katika umio seli zake ni bapa, zimepandana safu kwa safu, zipate kustahimili msuguano wa tonge. Lakini tangu tumboni hubaki safu moja tu, na katika utumbo mwembamba safu hiyo huinuka ikawa vijidole vya kadiri ya milimita 1, vinavyofyonza lishe. Mtu akitazama kwa hadubini ataona baina ya vijidole hivyo vishimo vyembamba, ambamo seli mpya huzaliwa, zikapanda taratibu hadi kileleni, na baada ya siku 3 hadi 5 hivi zikabanduka. Maumbile gani haya ya ajabu, ambayo hujijenga upya daima ilhali sisi hatuna habari!

Sasa natua mwishoni mwa utumbo mwembamba, kwani hapo yapo mabaka ya tishu za kinga aliyoyaeleza mganga wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, mwaka 1677, nayo yamekaa upande unaokabili ule ulioshikwa na utando unaouning'iniza utumbo. Vijidudu vya homa ya matumbo hupenya papo hapo. Mabaka huvimba, kisha huoza na kuwa vidonda, na kidonda kikichimba tabaka baada ya tabaka hata kikaitoboa ngozi ya nje, uchafu wa utumbo humwagika katika uwazi wa tumbo. Hayo hutokea zaidi katika juma la tatu la ugonjwa, pengine wakati jamaa wanadhani mgonjwa wao keshapata nafuu.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaohudumu katika zahanati za mbali: mgonjwa wa homa ya matumbo akishikwa ghafla na maumivu makali, na tumbo lake likawa gumu kama ubao, msimpe dawa ya maumivu mkangoja kuche, bali mpelekeni kwa daktari wa upasuaji saa ile ile.